Daftari la Harufu za Ikuvalu

Katika miaka sita ya Sheria ya Chanzo, mashine iitwayo Pua haikuwa imekosea hata mara moja, na Daktari Sigrada Mligo aliyeiunda hakuwa mtu wa kuuficha ukweli huo uvunguni. Asubuhi ile aliingia katika ukumbi wa Baraza la Chanzo mjini Njombe akiwa ameibeba mwenyewe mkononi, maana haikuwa kubwa kuliko kontena la chakula cha mchana. Akaiweka mezani, akavuta kiti, akakaa kama mwenye nyumba. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mbele ya baraza lile alikuwa amekwisha toa ushahidi katika kesi thelathini na moja. Zote thelathini na moja alishinda.

Mshtakiwa wa thelathini na mbili alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, Mama Agripina Ngailo wa kijiji cha Ikuvalu, mwenye msitu wa mianzi wa ekari moja na nusu kando ya barabara. Alikaa amejifunga kitenge juu ya sweta, mikono mapajani, ametulia kuliko mawakili. Shitaka lake lilikuwa kughushi ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi.

Usicheke, msomaji, hilo lilikuwa kosa zito. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimejifunza kutengeneza ulanzi ndani ya matangi, bila mwanzi, bila mvua, bila mgemi. Ulanzi wa tangi ulikuwa mtamu, wa bei ya kutupa, na nusura uwafukarishe watu wa nyanda hizi wote. Ndipo ikatungwa sheria kwamba kila nyumba inayogema iandikwe harufu ya ulanzi wake katika Daftari la Harufu, na kila mwaka ofisa apite kupima. Nyumba ambayo ulanzi wake unafanana na ulioandikwa ilipewa muhuri, na ndege za mizigo zisizo na rubani zikatua uani kwake kuchukua madumu. Nyumba isiyofanana ilihesabiwa kuwa imechanganya ulanzi wa tangi, na msitu wake akapewa mtu mwingine. Daftari lenyewe aliliandika Sigrada miaka kumi iliyopita, enzi za masomo yake, akipita nyumba kwa nyumba kwa miguu na kasha la vichupa mgongoni.

Mwenyekiti wa baraza, Bi Oresta Sanga, hakimu mstaafu mwenye sauti ya upole na macho yasiyojua upole, alimtaka aeleze kwa ajili ya kumbukumbu jinsi kipimo kinavyofanyika. Sigrada alieleza huku akitenda. Alimimina ulanzi wa Mama Agripina katika kichupa, akaupasha hadi nyuzi arobaini, akaacha harufu ipande na kujaa juu ya kinywaji. Kisha akashusha ndani ya hewa ile uzi mwembamba uliopakwa gundi maalumu. Kila harufu, alisema, ni chembe, na chembe hunasa kwenye uzi ule. Uzi ukiingizwa kwenye mashine unachomwa, chembe zinabanduka na kukimbizwa ndani ya bomba jembamba kama unywele, lenye urefu wa mita thelathini, lililoviringwa humo ndani. Nyepesi hutangulia, nzito hufuata, na kila moja inapotokea upande wa pili inahesabiwa: hii ndiyo inayonukia ndizi mbivu, hii waridi, hii siki, hii majani mabichi yaliyokatwa. Katika ulanzi wa nyumba moja zimo zaidi ya mia mbili, na mpangilio wake hautokani na mwanzi peke yake. Unatokana na hamira ya porini iliyojificha ndani ya mbeta, yaani vikombe vya mwanzi vinavyokinga utomvu, ambavyo mgemi hasuuzi kwa sabuni maisha yake yote.

"Kwa hiyo kila nyumba ina harufu yake," alimalizia, "na haibadiliki. Nimethibitisha."

Pua ikalia mlio wake mdogo. Arobaini na moja kwa mia. Kipimo cha kupita kilikuwa tisini.

Mwenyekiti alimgeukia Mama Agripina na kumuuliza kama ana la kusema. Mama akasimama taratibu, akasema ulanzi ule ni wake, ameugema kwa mkono wake jana jioni, na hajawahi kuliona hilo tangi wanalolisema. Mwenyekiti akauliza, basi ule ulioandikwa katika Daftari miaka kumi iliyopita kwa jina lake ulikuwa wa nani? Hapo mama alimtazama Sigrada kwa muda mrefu, akafumba mdomo, akaketi.

Ukumbi mzima ulikisoma kile kimya kuwa ni hatia. Sigrada naye alikisoma hivyohivyo. Lakini alikuwa na jeuri moja nzuri, kwamba hakupenda kushinda nusunusu. Akaomba siku saba, aende Ikuvalu mwenyewe, ageme mwanzi wa Mama Agripina kwa mikono yake, ili hukumu itoke shinani na asibaki mtu wa kunung'unika. Mwenyekiti aliandika, akakubali.

*

Ikuvalu ni kijiji kilichompatia Sigrada jina. Alipokiandika miaka ile, nyumba kumi na tisa, aliona jambo ambalo hakuliona kwingine kokote: harufu za nyumba zile, isipokuwa moja tu, zilikaribiana mno, kana kwamba zimenyonya ziwa moja. Akaandika kitabu kizima kueleza kwamba udongo wa Ikuvalu una siri yake, na siri hiyo akaiita Alama ya Kijiji. Kwa kitabu hicho alipewa udaktari, kwa udaktari akapewa maabara, na katika maabara ikazaliwa Pua. Wanafunzi wa vyuo vya mbali walikuwa wakikariri jina la Ikuvalu bila kujua liko upande gani wa mlima.

Gari lake lisilo na dereva lilikataa kupanda kilima cha mwisho. Lilimwambia kwa adabu kwamba njia ina utelezi, likazima. Sigrada akalitukana kidogo, akavua viatu, akapanda matopeni na Pua begani. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha, na mianzi ya pande zote mbili ilikuwa imekatwa ncha na kuvishwa mbeta, ikidondosha tone baada ya tone.

Mama Agripina alimpokea mlangoni.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekuja peku? Ingia kwanza ukaote moto."

Ungedhani anapokea mkwe, si mtu aliyekuja kumnyang'anya msitu. Sigrada akakataa moto, akasema kazi kwanza. Wakaenda msituni. Mama alimpa kisu chenye makali ya wembe, naye Sigrada akachenga ncha ya mwanzi mchanga, akafunga mbeta ya nyumba ile, akakaa chini ya mwavuli kuilinda. Hakuiondolea macho. Utomvu uliokusanyika aliuacha mumo humo uchachuke tangu asubuhi hadi kesho yake mchana, na usiku kucha aliifungia mbeta kwa lakiri yake mwenyewe. Kisha akaunasa kwa uzi.

Arobaini na moja.

Alirudia. Arobaini na mbili. Akabadilisha uzi, akabadilisha kichupa, akarudia tena. Arobaini na moja.

Sasa, mtu mwingine angekuna kichwa. Sigrada hakukuna, alikasirika. Ulanzi ule umetoka mbele ya macho yake, hakuna tangi hapo, hakuna mkono wa mtu. Kama mwanzi haudanganyi na Pua haidanganyi, kilichobaki ni Daftari. Akavuka ua hadi kwa jirani, Mama Tulizo, akaomba agemee mbeta yake moja. Thelathini na tisa. Nyumba ya tatu, arobaini na sita. Ya nne, thelathini na tano. Nyumba hizi zote zilikuwa zimepita ukaguzi kila mwaka kwa alama za juu, na wenyewe hawajahama wala kupanda mianzi mipya. Isitoshe, hazikufanana hata zenyewe kwa zenyewe. Ile Alama ya Kijiji aliyoitungia kitabu haikuwepo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Sigrada aliogopa.

Alirudi kwa Mama Agripina ameloa, akaketi jikoni bila kukaribishwa mara ya pili. Mama akampa kigoda karibu na mafiga, akatoka kidogo. Pua ilikuwa mezani, wazi, Sigrada hakuwa na nguvu hata ya kuifunika. Kupitia dirisha akamwona mama akipita nyuma ya nyumba, ameinama kama mtu anayekwenda kuiba, akinong'ona na Mama Tulizo kwenye ua. Jagi likavuka ua. Mama akarudi nalo ndani ya kitenge, akamimina kikombe kimoja, akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo na kumpa mgeni wake.

Sigrada alikitazama kile kikombe. Badala ya kunywa, akachota tone, akalitia kwenye kichupa. Mama akaona, akageuza uso kuelekea ukutani.

Pua ikalia. Ulanzi haukuwa wa nyumba ile. Ulikuwa wa Mama Tulizo.

"Mama," Sigrada alisema, "kwa nini umeniazimia ulanzi, na wako upo?"

Mama Agripina alikaa chini. Kuni ziliporomoka mafigani, akazisogeza, ndipo akasema.

"Mgeni hapewi kilichopo, mwanangu. Anapewa kilicho bora. Wangu ni mkali, unakereketa koo. Nitampaje mtu aliyetoka mbali?"

"Na mwaka ule nilipokuja mara ya kwanza?"

"Mwaka ule ulikuja kijana, umekonda, umeloa, una viatu vya mjini. Ukasema unataka kuonja ulanzi wetu. Nilikimbia kwa Kastori. Kastori Mgaya, Mungu amlaze pema, hakuna aliyegema kama yeye hapa. Wote tulikimbia kwa Kastori."

"Nyumba ngapi?"

"Wewe ulipita ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi kumi na nane."

Sigrada alizihesabu upya kichwani. Nyumba kumi na nane, na katika kila mlango alipokewa kwa kikombe cha mzee mmoja. Siri ya udongo! Kitabu kizima, kurasa mia tatu na kumi, na siri yenyewe ilikuwa wanawake wanaopita nyuma ya nyumba na jagi ndani ya kitenge. Alitaka kucheka, akashindwa, akataka kulia, akaona haya. Akauliza na maofisa wa kila mwaka je? Mama akamweleza bila kuficha. Ofisa naye si mgeni? Kila alipokuja, Kastori alisambaza madumu tangu alfajiri. Kastori alifariki mwezi wa saba. Mwaka huu ofisa alikuja mapema, mianzi ya wenzake ikiwa haijaanza kutoa, akaanza na nyumba ya barabarani, na mama hakuwa na pa kuazima. Akampa wake, kwa aibu.

"Ungelala hapa siku tatu mwaka ule," mama alisema, na kidogo akatabasamu, "ungepewa jembe na ulanzi wa nyumba. Lakini ulikuwa na haraka."

Sigrada akakumbuka kitu. Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya Kastori mwenyewe, basi angalau andiko hilo moja ni la kweli. Akamwambia mama hivyo. Mama alitikisa kichwa. Kastori, alisema, hakuwahi kuuona ulanzi wake kuwa kitu, mdomo wake ulikuwa umeuzoea. Mgeni akija kwake alivuka barabara na kuja kuazima kwa Agripina, kila mwaka, akisema ule mkali ndio ulanzi wenyewe, huo mwingine ni maji ya sukari. Alipolisema hili, mama alilainika sauti, akafuta jicho kwa pembe ya kitenge na kusingizia moshi.

Mtaalamu ni mtaalamu hata akiwa amevunjika. Sigrada aliweka ulanzi wa Mama Agripina, ule aliougema kwa mkono wake mwenyewe, akaiamuru Pua iulinganishe na andiko lenye jina la Kastori Mgaya.

Tisini na sita.

Kumbe ulanzi wa mama huyu ulikuwa ndani ya Daftari miaka yote, halali, safi, umelala kwenye jina la jirani yake.

"Kwa nini hukusema barazani?" aliuliza. "Wanachukua msitu wako, mama. Neno moja tu lingekuokoa."

"Niseme mbele ya watu kwamba wanawake wa Ikuvalu wanakaribisha wageni kwa vya kuazima? Niwavue nguo wenzangu, na Kastori kaburini? Afadhali mwanzi uende." Akamshika Sigrada mkono. "Umekwisha jua wewe, inatosha. Niapie hutaisema."

Sigrada aliapa. Aliapa haraka, kwa huruma, kabla hajafikiri, na alikuwa amefika nusu ya kilima akishuka alipozikumbuka zile nyumba thelathini na moja.

*

Alizipitia kesi zile ndani ya gari, moja baada ya nyingine, vijiji saba tofauti. Ishirini na nne zilikuwa zimepimwa na ofisa mmoja, kijana aliyepewa tuzo kwa bidii yake, maarufu kwa kutosalimia. Anafika, hasemi shikamoo, anasukuma kichupa mbele. Sasa Sigrada alielewa kilichotokea. Mtu yule hakuhesabiwa kuwa mgeni, basi alimiminiwa ulanzi wa nyumba, ule wa kweli, na kwa ulanzi wao wa kweli watu wale wakanyang'anywa misitu. Walionusurika ni waliokaguliwa na maofisa wenye adabu.

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Chanzo, Ludovick Mtweve, alimsikiliza simuni bila kumkatiza. Alikuwa mtu mwenye akili, tena si mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe magumu kuyapinga. Hakuuliza sana ilikuwaje. Alitaka kujua tu kama ulanzi wa Mama Agripina unafanana na andiko la Kastori. Sigrada akakubali.

"Basi dawa unayo mkononi. Vibandiko vya vichupa viwili vilipishana. Unabadilisha majina mawili, mama anarudishiwa msitu wake, hakuna anayeaibika. Na wala si uongo, Sigrada. Si vilipishana kweli?"

"Na wale thelathini na mmoja?"

Mtweve alishusha pumzi. Akamkumbusha kwamba nyumba elfu nne zinaishi kwa muhuri ule. Wanunuzi wa ng'ambo wakisikia Daftari limeoza, kesho yake watarudi kwenye matangi, na hao elfu nne watakula nini? Wale thelathini na mmoja wangeweza kusaidiwa kimyakimya, kidogokidogo, wapewe kazi vitaluni, wasomeshewe watoto. Yeye mwenyewe angelisimamia. Alisema hayo kwa moyo safi, na Sigrada aliyaamini yote isipokuwa hilo la mwisho.

Vibandiko vimepishana. Loo, uongo ulioje mtamu! Ungetimiza kiapo chake kwa Mama Agripina, ungekinga heshima ya Ikuvalu, ungeiacha Pua ing'are na kitabu chake kibaki rafuni. Kwa siku mbili Sigrada aliutafuna uongo ule, akaulala, akaamka nao. Kilichomshinda kuumeza ni kitu kidogo. Alijaribu kuandika taarifa ya kusahihisha, na fomu ya maabara, aliyoitunga mwenyewe, ilikuwa na mstari mmoja unaouliza: je, hitilafu hii yaweza kuwa imegusa vipimo vingine? Weka tiki, ndiyo au hapana. Alikuwa amewafundisha wanafunzi tisini kwamba mtu anayedanganya kwenye mstari ule akatafute kazi ya kuuza nyanya. Akapiga moyo konde. Aliweka tiki kwenye ndiyo, kisha akakaa kutwa nzima kwenye simu, akiwaita watu thelathini na mmoja waje Njombe siku ya hukumu. Kila mmoja alimsalimia kwanza kwa kirefu, akamuulizia hali na safari, kisha akamsikiliza.

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wanawake wa Ikuvalu walikuwa wamekuja na lori moja, wamekaa safu mbili nyuma ya Mama Agripina. Mtweve alikaa mbele, amekunja miguu, uso mtulivu.

Sigrada alisimama bila Pua. Aliliambia baraza, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba ulanzi wa Mama Agripina Ngailo ni halali, ameugema mwenyewe. Mtweve akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha Sigrada akaendelea. Alisema Daftari la Harufu, alilolikusanya yeye, halifai kutumika kumhukumu mtu yeyote. Pua husoma sawasawa kile inachopewa, lakini yeye alipewa kitu kingine akakiandika kwa majina ya watu. Kwa sababu hiyo, hukumu zote thelathini na moja zilizotoka kwa ushahidi wake zimesimama hewani, na Alama ya Kijiji, aliyosifiwa kwayo, haipo wala haijawahi kuwepo. Aliyasema kwa sauti ileile aliyozoea kushindia kesi.

Mnong'ono ulizuka. Mtweve akaomba ruhusa, akasimama, na bila ukali akasema kwamba daktari amefanya kazi miaka mingi bila likizo. Daftari lilikaguliwa na vyuo vitatu. Mtu hawezi kuliangusha kwa kauli tupu, lazima aseme kosa lenyewe ni lipi. Kama hakuna sababu, Mamlaka inaomba baraza limrudishie mama msitu wake kwa hitilafu ya vibandiko, na mengine yabaki kama yalivyo.

Mwenyekiti alivua miwani. "Hoja ni ya haki, Daktari. Ulipewa nini, na kwa nini?"

"Mheshimiwa, najua. Lakini niliapa kutolisema."

"Uliapa kwa nani?"

Sigrada hakugeuka nyuma, maana kugeuka kungekuwa kusema. Mwenyekiti alimpa muda, akamwonya mara moja kwamba bila maelezo hoja yake inaanguka na wale thelathini na mmoja watarudi walikotoka. Sigrada akasema amesikia. Kwenye benchi za pembeni watu wale thelathini na mmoja walikuwa wakimtazama, wengine na kofia mkononi, na hakuna kitu maishani kilichowahi kumwuma kama kusimama pale na jibu limejaa mdomoni. Mwenyekiti akachukua kalamu.

Kiti kikasogea nyuma yake.

Mama Agripina alisimama, akafunga kitenge chake upya, akakohoa. Alitazama zile benchi za pembeni, akawatazama mmoja mmoja bila haraka, watu asiowajua wa vijiji asivyowahi kufika, kisha akamtazama mwenyekiti.

"Aliapa kwangu," alisema. "Mimi nilikuwa na aibu. Nilidhani msitu unaokwenda ni wangu peke yangu." Akamwonyesha Sigrada kwa mkono. "Ulanzi tuliompa huyu binti haukuwa wa kwetu. Alikuwa mgeni, na cha kwangu sikukiona kuwa kinamfaa. Niliazima."

Katika maisha yake yote Mama Agripina hakuwa amelitamka neno lile nje ya ua wake, na sasa lilikuwa limesemwa mbele ya serikali. Mama Tulizo aliinama, akajifunika uso kwa viganja. Halafu akaviondoa, akasimama naye.

"Hata mimi niliazima."

Nyuma yake wengine wakainuka, bila kupokezana na bila mpango, wengine wakisema, wengine wakiishia kusimama tu. Upande wa pili wa ukumbi mzee mmoja mrefu aliyepoteza msitu miaka minne iliyopita aliondoka benchini, akasema hata kwao ni hivyo, kila nyumba, tangu mababu, na kwamba alidhani serikali inajua.

Mtweve alikunjua miguu, akatazama sakafu. Mwenyekiti alisubiri mpaka watu wakatulia. Akalifunga jalada la Agripina Ngailo na kumwambia aende nyumbani akageme. Kisha akavuta karatasi nyeupe, akavaa miwani, na kumwambia Sigrada kwamba baada ya leo hatakuwa tena shahidi wa baraza lile, anaelewa? Sigrada akajibu kwamba anaelewa.

"Basi kazi yako ya mwisho," mwenyekiti alisema. "Nisomee majina ya waliopoteza misitu. Yote, tangu la kwanza."

Sigrada hakuhitaji karatasi.

"Kaniusi Mlowe," alisema.

"Nipo," akaitika yule mzee mrefu.